Anza na Joto: Namna ya Kupunguza Matumizi ya Umeme Nyumbani

Uniti zikiisha haraka, taa ndizo hulaumiwa kwanza. Zibadilishe, ndiyo: balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Lakini walaji wakubwa ni vifaa vinavyopasha joto au kupoza, yaani hita ya maji, jiko, pasi, kiyoyozi na friji. Umeme ukizalishwa kwa makaa ya mawe, kila uniti huachia angani karibu kilo 1 ya hewa ukaa. Ndiyo maana inafaa kujua uniti zako zinaishia wapi.

Pima kwanza. Soma mita saa ileile kwa siku 7 na uandike. Kwa kila kifaa, zidisha wati kwa saa zinazotumika, kisha gawanya kwa 1,000. Jibu ni uniti. Hita ya kuogea ya wati 4,500 ikiwaka dakika 10 imekula uniti 0.75. Kwa umeme huohuo, ile balbu ya wati 9 ingewaka zaidi ya saa 80. Hesabu hii haifai kwa friji, kwa sababu kompresa yake, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoza, huwaka na kuzima yenyewe. Ipime kwa mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, angalau saa 24.

Halafu zima na uchomoe kila kitu, friji pia, uitazame mita kwa dakika 15. Ikiendelea kuhesabu, ama kuna kifaa umekisahau, ama umeme unavuja kwenye nyaya. Mwite fundi umeme, usichokonoe mwenyewe.

Maji ya moto

Hapa ndipo penye akiba kubwa. Kuoga dakika 5 badala ya 10 kunapunguza nusu ya umeme wa bafuni bila kununua chochote. Kama una hita ya tangi, liguse tangi ubavuni. Likiwa na uvuguvugu, joto linatoroka usiku na mchana hata kama hakuna anayeoga. Livishe blanketi la sufi ya kioo, na mita 1 au 2 za mwanzo za bomba la maji moto uzivishe sponji ya mabomba. Usifunike valvu ya usalama wala kifuniko cha nyaya: valvu ikiziba, presha haina pa kutokea.

Weka thamostati, yaani kidhibiti joto cha tangi, kwenye nyuzi 60 za Selsiasi. Wengi huiacha 70 au zaidi, kisha huchanganya na maji baridi ili wasiungue, jambo ambalo ni kupoteza tu. Ila usishushe tangi likakaa kwenye nyuzi 40 au 45 kwa kutaka akiba zaidi, maana bakteria wa legionela hustawi kwenye uvuguvugu huo na huleta homa kali ya mapafu.

Jikoni

Chemsha maji unayoyahitaji tu. Lita 1 kutoka nyuzi 20 hadi 100 hula karibu uniti 0.1, na kujaza birika kwa ajili ya kikombe kimoja ni kuchemsha maji ya kumwaga. Funika sufuria, na ikishachemka punguza moto: maji yanayotokota kwa fujo hayana joto zaidi ya yale yanayotokota taratibu, yanazidi kutoa mvuke tu. Kwa vyakula vigumu, loweka usiku kucha na tumia sufuria ya presha. Ndani yake maji hufika karibu nyuzi 120, ndiyo maana chakula huiva upesi.

Kiyoyozi

Kiweke nyuzi 25 au 26 na uwashe feni. Kukishusha hadi 16 hakuharakishi ubaridi kwenye kiyoyozi cha kawaida. Kitaendelea tu kufanya kazi muda mrefu. Osha chujio kila baada ya wiki 2 hadi 4. Feni izime ukitoka, kwa sababu hupoza mwili wa mtu, si chumba.

Friji

Namba za kwenye kitufe si nyuzi za joto. Kwa friji nyingi, namba kubwa ni baridi zaidi. Tumbukiza kipimajoto kwenye glasi ya maji, ukiache ndani usiku kucha. Lenga nyuzi 4, na freza hasi 18.

Kisha kagua raba ya mlango. Bana karatasi kati ya mlango na fremu, uivute. Ikitoka bila kukwama, hewa ya joto inaingia hapo. Rudia pande zote nne. Mara nyingi ni uchafu tu, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Ikiwa imekakamaa au imechanika, badilisha.

Acha nafasi ya sentimita 5 hadi 10 nyuma. Chomoa friji na upanguse vumbi kwenye mabomba ya nyuma kwa brashi laini kila miezi 6. Barafu ikifika unene wa milimita 5, izime uiyeyushe. Usiikwangue kwa kisu: ukitoboa bomba, gesi inatoka yote. Friji nyingi za zamani zina gesi ya R-134a, ambayo kilo kwa kilo hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Kwa hiyo hata friji iliyokufa usiitupe wala kuikata kama chuma chakavu kabla fundi hajaivuta gesi hiyo kwenye mtungi.