Siku tatu za mwisho: kurudisha jahazi Lamu kutoka kisiwa cha Kiwayu

Safari ya tanga ya wiki nzima huharibika siku ya mwisho, na mara nyingi mchawi ni tiketi ya ndege. Uwanja wa Lamu uko kisiwani Manda, ng'ambo tu ya mji, basi watu hujipa moyo kuwa watashuka chomboni na kupanda ndege siku hiyo hiyo. Msifanye hivyo. Wekeni usiku mmoja mzima mjini, kisha pangeni mengine yote kwa kuutazama mwezi.

Kinachoamua saa ya kuingia ni Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Hata pale katikati penye kina, kingo zake ni matope na mikoko, na chombo cha tanga kinahitaji nafasi ya kupiga bisho, yaani kwenda upande huu na huu dhidi ya upepo. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, yaani siku moja mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, maji hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na jioni. Siku za maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo tu, hujaa mwendo wa saa nne au tano. Kila siku husogea mbele dakika 50 hivi. Kwa hiyo mkirudi wakati wa bamvua mtapita alasiri na kufika mjini jua linazama; mnaweza kulala hata Faza, kisiwani Pate. Mkirudi maji mafu, laleni Mtangawanda, Pate hiyo hiyo lakini karibu zaidi, na mng'oe nanga alfajiri. Kaskazi itawasukuma kwa nyuma; wakati wa kusi ongezeni siku nzima, maana ni bisho mwanzo hadi mwisho.

Ingieni Mkanda maji yakiwa bado yanajaa, saa moja au mbili kabla hayajasimama. Mkigusa mchanga, yatawanyanyua yenyewe.

Maji hayajai wala hayatoki kwa mwendo mmoja. Gaweni tofauti ya siku hiyo mafungu 12: saa ya kwanza ni fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Tofauti ikiwa mita 3, saa ya tatu peke yake ni sentimita 75. Ndipo wanapopwelewa watu: wametia nanga pazuri, wamepika, wamekula, wakichungulia mkuku, ule uti wa chini wa chombo, umekaa mchangani.

Mkikwama, tueni tanga kwanza, kabla ya kubishana, kwa sababu upepo unazidi kuwapandisha fungu la mchanga. Watu wote wahamie nyuma au upande mmoja ili chombo kilale kidogo, kisha sukumeni kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Kisipotoka, pelekeni nanga kwa mtumbwi hadi penye kina na mvute amari, yaani kamba ya nanga. Maji yakiwa yanatoka na dakika kumi zimepita bure, acheni. Egemezeni chombo kwa magadi, yaani miti ya kukishikilia, kisije kikalala ubavu, mngoje. Aliyekwama saa tatu baada ya maji kujaa atangoja saa sita hivi. Aliyekwama kileleni mwa bamvua ana kazi: kila maji yanayofuata ni madogo kuliko yaliyopita, na anaweza kungoja wiki mbili.

Maji ya kunywa na kupikia ni lita 4 kwa mtu kwa siku. Watu sita kwa siku tatu ni lita 72. Pamoja na akiba ya siku moja ni 96, yaani madumu matano ya lita 20. Fungeni dumu la tano kwa kamba na lisiguswe. Vyombo vioshwe kwa maji ya bahari. Wali nao unaweza kupikwa kwa kikombe kimoja cha maji ya bahari na vinne vya kunywa, bila kuongeza chumvi. Makaa ndiyo husahaulika: yakilowa siku ya mwisho mtakula tende.

Jioni ya mwisho, kabla usingizi haujawapata, malizeni hesabu ya chango kwa karatasi, kila mtu akiona. Mkifika mjini kila mmoja atashika njia yake na deni litakuwa la ndugu mmoja tu. Bakshishi ya mabaharia itolewe mbele ya wote, si kwa nahodha faraghani.

Kabla ya kushuka, kumbeni ngama, pale chini chomboni maji yanapokusanyika, hadi ikauke, mtazame maji yanarudi upesi kiasi gani; mwenye chombo atataka kujua kama fundi wa kalafati, wa kuziba nyufa za mbao, anahitajika. Tanga la marekani, kile kitambaa cha pamba, lisikunjwe bichi. Chumvi huvuta unyevu, na baada ya siku chache doa jeusi la ukungu hutokea kwenye mikunjo, hapo hapo ndipo litakapochanika. Liacheni wazi juu ya foromali, mti unaobeba tanga, mpaka mshono mnene wa pembeni, ukiubana kwa vidole, uwe mkavu.