Namna ya kusoma wanafalsafa: anza na aliyebisha

Kazi yangu ni mazoezi ya viungo. Tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri nashika mikono na miguu ya watu waliopata kiharusi, hapa Tanga. Namwambia mgonjwa, "Baba, inua mkono wa kulia." Amesikia, ameelewa, na anataka kweli, unaona paji la uso linavyokunjamana kwa kutaka. Mkono umelala palepale juu ya shuka. Nilikaa na jambo hili miaka mingi kabla sijajua kwamba kuna binti wa kifalme aliyeliuliza kwa barua mwaka 1643, na kwamba jibu alilopewa halikumtosha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi kusoma falsafa ya Magharibi, simpi orodha ya majina kuanzia Wagiriki wa kale kushuka chini. Mimi nilianza hivyo. Nilinunua kitabu kinene cha mtumba cha historia ya falsafa, nikawa nasoma kurasa mbilimbili kila usiku. Baada ya miezi minne nilijua nani alizaliwa wapi, ila sikujua hata mmoja wao alikuwa anahangaishwa na nini. Njia iliyonifaa ni kushika swali moja na kuwatafuta watu waliobishana juu yake. Swali lenyewe liwe lile ambalo tayari linakusumbua kazini au nyumbani. Mwalimu atakuwa na lake, mzee wa baraza la kata lake, mama anayelea lake. Langu ni hili: nafsi inauendeshaje mwili? Nitakupitisha humo, nawe ukishaona njia utaweka lako.

Unahitaji daftari, kalamu mbili za rangi tofauti, simu yenye bando kidogo, na mtu wa kubishana naye. Huyo wa mwisho usimwache. Mimi ninaye shemeji, mume wa dada yangu, anayefundisha madrasa na anakijua Kiarabu cha vitabuni. Tunakaa barazani kwao Jumamosi baada ya Laasiri. Maandishi nitakayoyataja mengi yanapatikana bure mtandaoni, ya asili na tafsiri za Kiingereza.

Sasa, usianze na mwanafalsafa aliyejenga nyumba. Anza na mgeni aliyeingia akauliza kwa nini ukuta umepinda. Katika swali letu mjenzi ni René Descartes, Mfaransa aliyeishi miaka mingi Uholanzi, ambaye mwaka 1641 alichapisha kitabu cha tafakuri kwa Kilatini. Humo alitenganisha vitu viwili: nafsi, ambayo ni kitu kinachofikiri na hakina urefu wala upana, na mwili, ambao ni kitu kinachochukua nafasi na hakifikiri. Mgeni ni Elisabeth, yule binti wa kifalme niliyemtaja, aliyezaliwa Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1618. Baba yake aliukalia ufalme wa Bohemia, katika Ucheki ya leo, muda mfupi tu. Novemba 1620 majeshi yake yakashindwa karibu na Prague, na familia ikaishia uhamishoni The Hague, Uholanzi. Elisabeth alipoandika barua ya kwanza kwa Descartes, Mei 1643, alikuwa na umri wa miaka 24.

Isome barua hiyo yote, kwa sauti. Ni fupi. Ukifika kwenye swali, funga simu uliseme kwa maneno yako kabla hujaendelea. Mimi niliandika hivi: "Kitu husogea kwa kusukumwa. Kusukuma kunataka kugusa, na kugusa kunataka kitu chenye ukubwa na uso. Wewe umesema nafsi haina ukubwa. Sasa inausukumaje mwili ufanye nilichokusudia?" Shemeji alinyamaza kidogo, akasema, "Huyu dada amemshika pabaya."

Hapo ndipo daftari linapoanza kazi. Gawa ukurasa kwa mstari wa katikati. Kushoto andika kwa kalamu ya bluu anachosema mtu. Kulia, kwa nyekundu, andika alichokwisha kukubali ili aweze kusema hivyo. Upande wa kulia ndio mgumu, nao ndio wenye faida. Kwa Elisabeth, kulia niliandika: "Anakubali kwamba nafsi kweli inausogeza mwili. Anakubali kwamba kusogea ni kusukumana." Ukishaona hayo mawili utajua Descartes ana njia ngapi za kutokea: akatae moja, au akatae lingine, au aipe nafsi ukubwa.

Yeye alijaribu la pili. Katika jibu lake la Mei 21 alitoa mfano wa uzito. Tunapofikiria uzito wa jiwe, alisema, tunaona kama kwamba umo ndani ya jiwe unalivuta chini, wala hatuwazi kwamba uso wa uzito umegusana na uso wa jiwe. Basi tuifikirie nafsi katika mwili namna hiyohiyo. Andika kushoto. Halafu, kabla ya kufungua barua inayofuata, mbishie wewe kwanza. Sisi tulichukua Jumamosi nzima, chai ikapoa. Juni hiyohiyo Elisabeth alirudi na hoja ambayo hatukuiona: wewe mwenyewe umekataa kwamba uzito ni kitu cha namna hiyo, sasa wazo lisilo la kweli litatuangaziaje hili? Akaongeza kwamba kwake ni rahisi zaidi kuipa nafsi maada na ukubwa kuliko kukubali kwamba kitu kisicho na maada kinausogeza mwili na kusogezwa nao. Nawaomba mkae hapo. Mwanamke kijana, mkimbizi, anamwambia mwanachuoni mashuhuri wa Ulaya kwamba mfano wake haujasimama, na kwa adabu tupu.

Msimhukumu Descartes kwa haraka, lakini. Rudini kwenye tafakuri yake ya sita mtakuta anasema nafsi haimo mwilini kama baharia alivyo ndani ya chombo. Chombo kikitoboka, baharia anaona tundu kwa macho. Mwili ukiumia, mimi naumwa. Hapo hapo kwenye tafakuri hiyo anataja watu waliokatwa mguu au mkono na bado wanasikia maumivu katika kiungo kisichokuwepo. Niliposoma mstari huo nilisimama kutoka kitini. Nimemhudumia mzee aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, akawa usiku anaomba akunwe unyayo. Kitabu cha 1641 kilikuwa kinazungumza habari za wodi yangu.

Sasa jambo la lugha, na hapa msiwe wavivu. Mtakutana na neno moja la Kilatini au Kifaransa ambalo Kiswahili kina maneno manne ya kulilaki: nafsi, roho, akili, moyo. Kila moja lina kwao. Roho ndiyo inayotoka mtu akifa, na mtu mchoyo tunasema ana roho mbaya. Moyo ndio ndugu za mgonjwa wanaoutaja: "Hana moyo wa mazoezi." Akili ndiyo inayojua hesabu. Mkiandika "roho" kwenye barua ya kwanza na "akili" kwenye ya pili, mtadhani mwandishi amebadili msimamo kumbe ni kalamu yenu. Sisi tuliandika kwenye jalada la ndani: nafsi ni kile kinachofikiri, kinachotaka na kujijua. Hatukubadilisha tena. Shemeji alipenda hivyo kwa sababu nafsi ndilo neno la Ibn Sina, mwanafalsafa wa kale aliyeandika kwa Kiarabu, na huko ndiko tulikokuwa tunakwenda.

Ukishamjua mbishi na mjenzi, rudi nyuma umtafute aliyelishika swali kabla yao. Ibn Sina alizaliwa karibu na Bukhara yapata mwaka 980 na kufa Hamadan mwaka 1037. Alikuwa tabibu, nami kwa hilo namsikiliza kwa sikio la pili. Hoja yake msiisome mmekaa. Tandika mkeka, mmoja alale chali, macho yamefungwa, mikono mbali na kiwiliwili, vidole vimetanuliwa visigusane. Mwingine asome polepole: jifikirie umeumbwa mara moja, umekamilika, unaelea hewani bila kuihisi hewa yenyewe; huoni kitu, na viungo vyako havigusani. Je, utathibitisha kwamba upo? Ibn Sina anajibu kwamba ndiyo, ingawa hutathibitisha mkono wala mguu wala moyo wala ubongo. Basi unachokithibitisha si viungo.

Niliinuka mkekani nikiwa na jibu langu, shemeji akiwa na lake, na hatujapatana hadi leo. Yeye alinionyesha kitu ambacho tafsiri ya Kiingereza isingenipa: Ibn Sina anasema hoja hii ni kwa njia ya tanbihi. Neno ni letu kabisa. Tunaliweka chini ya ukurasa, na kutoka shina hilohilo tunasema mtu ametanabahi. Hajengi uthibitisho wa hatua kwa hatua, anakugusa bega utanabahi.

Wengi wakifika hapa wanakimbilia kusema Descartes amemwiga Ibn Sina. Usiandike hivyo. Andika walipokutana na walipoachana. Descartes anatilia shaka kila kitu kwanza. Ibn Sina hatilii shaka kitu, anaondoa tu hisia. Kinachojulikana ni jinsi kitabu cha nafsi cha Ibn Sina kilivyofika Ulaya. Karne ya 12, mjini Toledo, Hispania, msomi Myahudi aitwaye Avendauth alikuwa akitamka neno moja moja kutoka Kiarabu kwa lugha ya mtaani, na padri Dominicus Gundissalinus akiligeuza kuwa Kilatini. Avendauth mwenyewe ameeleza hivyo katika barua iliyotangulia tafsiri hiyo. Ninapomsikia shemeji anasoma Kiarabu nami naandika Kiswahili, huwakumbuka wawili hao.

Kisha nenda mbele. Anton Wilhelm Amo alizaliwa karibu na Axim, Ghana ya leo, yapata mwaka 1703. Akiwa mtoto alipelekwa Ulaya, na mwaka 1707 akatolewa kama zawadi kwa mtawala wa Wolfenbüttel, Ujerumani. Akasoma Halle, kisha Wittenberg, na mwaka 1734 akatetea tasnifu ya Kilatini kuhusu nafsi ya mwanadamu kutohisi. Anadai kwamba kuhisi ni kazi ya mwili ulio hai. Nafsi haina maada, hutenda tu, haitendwi. Kwa hiyo haiumwi. Fungua tasnifu hiyo na zile barua pamoja. Amo anamnukuu Descartes pale anaposema kwamba nafsi, kwa kuunganika na mwili, inaweza kutenda na kutendwa pamoja nao, halafu anatangaza kwamba hakubaliani. Maneno anayoyanukuu ni ya jibu lile la Mei 21, 1643, kwa Elisabeth! Mwafrika wa Axim ameingia katikati ya mazungumzo yaleyale, miaka 91 baadaye, na amegonga mlango uleule. Hakuna orodha ya majina ingenionyesha hilo. Amo baadaye alifundisha Halle na Jena, akarudi Pwani ya Dhahabu, ndiyo Ghana hiyohiyo, akafia huko.

Mpeni kurasa mbili nzima za daftari. Kulia, kwa nyekundu, sisi tuliandika: "Anakubali kwamba kitu kinachotendwa lazima kiwe na maada." Mkiuona mstari huo, mtaona kwamba yeye na Elisabeth wameanzia mahali pamoja wakachukua njia mbili. Elisabeth anasema basi pengine nafsi ina maada. Amo anasema basi nafsi haitendwi.

Hapo rudini tena kwa Elisabeth, barua za Mei 1645. Alikuwa na homa ndogo isiyoisha na kikohozi kikavu. Descartes alimwandikia kwamba sababu ya kawaida ya homa ya namna hiyo ni huzuni. Elisabeth alimjibu kwamba mwili wake hupokea kwa urahisi mateso ya nafsi, wala hauna nguvu ya kupona pamoja nayo. Mpeni Amo barua hiyo mkononi mwulize angemjibu nini. Shemeji anasema Amo angemwambia huzuni yenyewe imo mwilini. Mimi nimeandika kwa bluu, "Sikubali," na upande wa kulia bado ni mweupe. Jumatatu nina mgonjwa mpya, mama wa miaka hamsini na kitu, mkono wa kushoto. Nitaanza naye kwenye vidole.