Mtoto wa kichwa maji: namna ya kuandika faili mpaka kodi ya ugonjwa ikae sawa

Ndugu zangu wa kumbukumbu na nyie wa wodi ya watoto, nipo na mafaili huku Tabora muda sasa, na linaloniuma kuliko yote ni faili la mtoto wa kichwa maji, yaani maji yamejaa ndani ya ubongo mpaka kichwa kinakua, lenye maneno mawili matatu tu. Kuna mama alishuka na treni kutoka Uvinza, mtoto kamlaza mapajani njia nzima maana kichwa kilishakuwa kizito kubebwa mgongoni, karatasi yake ya rufaa imeandikwa "kichwa kikubwa, rufaa" basi, hakuna kipimo, hakuna lini ilianza, hakuna kama aliwahi kuumwa, ikabidi mama aulizwe yote upya huku amechoka hivyo.

Na "kichwa kikubwa" ukiipeleka kwenye ICD-10, ile orodha ya kimataifa ya kodi (namba) za magonjwa, kama ilivyo inakupeleka Q75.3, ambayo ni kichwa kuwa kikubwa tu, kuna familia zina vichwa vikubwa na watoto wazima kabisa. Daktari akiandika "haidrosefalasi", jina la kitaalamu la kichwa maji, peke yake unaishia G91.9, yaani haijulikani aina gani. Ile ya kuziba ni G91.1, na huwezi kuiweka mpaka faili liseme maji yamezibwa.

Kwahiyo tuanze na kupima. Futi kamba inapita juu ya nyusi, juu ya masikio, halafu nyuma pale kisogo kinapotokeza zaidi, pima mara tatu uandike kubwa kuliko zote, na uandike na tarehe. Namba moja haisemi sana, chukua kadi ya kliniki uangalie za nyuma, maana mtoto aliyezaliwa kwa wakati kichwa kinaongezeka kama sm 2 kwa mwezi miezi mitatu ya kwanza, halafu sm 1 kwa mwezi miezi mitatu inayofuata. Utosi ushike mtoto akiwa amekaa na ametulia, akilia unakaza wenyewe utajidanganya.

Kipimo cha picha ndio kinamaliza ubishi. Maji ya ubongo yanatoka vyumba viwili vya pembeni, yanaingia cha tatu, yanapita mfereji mwembamba wa Sylvius mpaka cha nne ndio yatoke nje. Ultrasaundi ya utosini au CT skani ikionyesha vyumba vya juu vimetanuka na cha nne kiko kawaida, mzibo upo hapo kwenye mfereji, ndio maana naomba kila siku andikeni chumba kipi kimetanuka na kipi hakijatanuka.

Faili zuri linakaa hivi: "Miezi 4. Mzingo wa kichwa sm 47, wiki 3 zilizopita sm 44.5. Utosi umejaa akiwa ametulia, macho yanashuka chini. Alilazwa na homa ya uti wa mgongo akiwa na wiki 2, kabla ya hapo kichwa kilikuwa kawaida. Ultrasaundi: vyumba vya pembeni na cha tatu vimetanuka, cha nne kawaida. Haidrosefalasi ya kuziba kwenye mfereji wa Sylvius, baada ya maambukizi." Hapo naweka G91.1 na naongeza G09 kuonyesha ni mabaki ya ule ugonjwa wa nyuma, sihitaji kumsumbua mtu.

Hiyo "kabla ya hapo kawaida" msiiache jamani. Kama mtoto kazaliwa nayo hatuko G91 tena, tunaenda Q03, na mfereji ukiwa umeumbika vibaya ni Q03.0. Akiwa na mgongo wazi pamoja na maji ni kodi moja tu, kati ya Q05.0 na Q05.4 kutegemea uwazi uko wapi, usimpe na Q03 juu yake. Na chanzo kina maana kubwa kwetu huku, pale Mbale Uganda Dk. Benjamin Warf, daktari wa upasuaji wa ubongo, aliripoti mwaka 2005 kwamba zaidi ya nusu ya watoto aliowatibu chanzo kilikuwa maambukizi, hayo yanazuilika, lakini tusipoandika nani atajua ya kwetu yakoje.

Wewe wa kodi, hata kama unaisoma picha vizuri usijitungie ugonjwa. Rudi kwa daktari na swali wazi, "picha inasema chumba cha nne kawaida, je ni ya kuziba?", aandike mwenyewe, asaini, aweke tarehe ya siku hiyo.

Akishawekewa shanti, ule mrija wa kutoa maji kichwani, andikeni upande, valvu ya aina gani, tarehe. Akirudi kliniki na shanti inafanya kazi ongeza Z98.2. Akirudi anatapika na utosi umejaa, shanti ikakutwa imeziba, tatizo la siku hiyo ni T85.0, ikiwa imeingia wadudu ni T85.7, nimeona watu wanarudia G91.1 peke yake na shanti iliyokufa haionekani popote.

Na kabla mama hajaondoka kwenda hospitali ya Bugando au Muhimbili, mpe nakala ya vipimo vyote vya kichwa na tarehe zake, iingie ndani ya kadi ya kliniki, maana karatasi ya rufaa inachukuliwa mapokezi ila kadi mama haiachii.