Kucheza Vita vya Tanga mezani: mwongozo kwa watu kumi

Mchezo wa vita wa mezani kwa watu wawili hauhitaji maelezo mengi. Ukijua bao, umeshajua kusubiri zamu na kuhesabu mbele. Mkiwa kumi, mambo hubadilika, kwa sababu kazi ngumu inahama kutoka kwenye dadu kwenda kwenye maelewano kati ya makamanda. Hapa naeleza namna tunavyocheza mapigano ya Novemba 1914 kati ya Waingereza na Wajerumani, yaliyopiganwa kwenye ardhi hii hii tunayoishi.

Hatua ya 1: Tembea uwanja kabla ya kuuchora

Kama uko Tanga, anzia Raskazone, Waingereza walikoshukia, utembee kwa miguu kuelekea mjini. Ni kama kilomita tatu. Usiangalie nyumba za leo. Angalia unaona mbali kiasi gani, kisha fikiria njia nzima ikiwa mashamba ya mpira na mkonge, nawe ni mgeni uliyekaa melini zaidi ya wiki mbili tangu Bombay.

Kumbuka hesabu yenyewe. Meja Jenerali Aitken alikuja na watu kama 8,000, wengi wao askari kutoka India. Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, alikuwa na kama 1,000, na wengi wao walikuwa askari Waafrika. Waingereza walishindwa, wakapoteza zaidi ya watu 800 kwa kufa, kujeruhiwa na kupotea, na tarehe 5 wakarudi melini wakiacha bombomu (bunduki za rashasha) 16 nyuma. Wajerumani na askari wao waliouawa au kujeruhiwa hawakufika 150. Mchezo wako lazima uweze kueleza jambo hilo. Usipoweza, una mchezo mwingine wenye jina la Tanga tu.

Hatua ya 2: Gawa watu

Waingereza watano: jenerali mmoja na makamanda wanne wa mstari. Wajerumani watatu: mkuu na makamanda wawili. Waamuzi wawili, mmoja kila upande wa meza. Usijaribu kuamua peke yako, maana mkono mmoja hauwezi kupima masafa huku mwingine ukipokea barua za makamanda (tazama Hatua ya 6).

Mpe ujenerali mtu mwenye subira, hata kama si mchezaji mahiri. Atakaa muda mrefu bila kugusa kitu.

Hatua ya 3: Meza

Plaiwudi mbili za futi 8 kwa 4, ziunganishwe kwa urefu mpate futi 16 kwa 4. Usizipange ubavu kwa ubavu. Meza ya upana wa futi 8 inapendeza kwa macho, lakini hakuna mkono unaofika katikati, na mtu akiinama sana ataangusha kombania nzima kwa kiwiko.

Mashariki weka ufukwe, magharibi mji, kaskazini bahari ya kitambaa cha buluu. Nyumba ni maboksi ya viberiti yaliyopakwa chokaa. Miti ya mpira ni vipande vya sponji ya kuoshea vyombo juu ya vijiti vya meno. Majani hatununui: nyuzi za mkonge, zikatwe fupi na kuchovywa rangi, zinashinda kitu chochote cha dukani. Ukingoni mwa mji, pale reli ya kwenda Moshi ilipochimbwa chini, tengeneza mtaro halisi kwa kuinua ardhi pande zote mbili kwa maboksi. Mtaro huo ndio uliowapa Wajerumani kinga.

Hatua ya 4: Askari

Vijisanamu vya plastiki vya sentimita mbili na nusu ni vizuri ukivipata. Sisi tunachapisha picha za askari, tunazibandika kwenye manila, tunazikata zikiwa nne kwa nne na kuzisimamisha kwenye kibao cha sentimita 5 kwa 3. Kibao kimoja ni watu 50. Kwa hiyo Waingereza wana vibao 160 na Wajerumani 20.

Weka mezani vibao 100 tu vya Waingereza, 25 kwa kila kamanda. Vilivyobaki vikae ufukweni mpaka jenerali aviite kwa barua. Wajerumani waanze na 14, saba kwa saba. Sita wako kwenye treni. Kuanzia zamu ya nne mwamuzi arushe dadu, na ikija 4 au zaidi wanafika. Waingie kusini, mbali na bahari, maana Lettow alipiga ubavu huo.

Hatua ya 5: Kanuni za kupigana

Ziwe chache. Kibao kinakwenda sentimita 20 uwanjani na 10 ndani ya shamba. Bunduki inafika sentimita 40. Kibao kinachopiga kinarusha dadu moja, bombomu tatu. Adui aliye wazi anapigwa kwa 5 au 6, aliye mtaroni au ndani ya nyumba kwa 6 tu. Kikosi kilichopoteza robo ya vibao kirushe dadu, na ikija 1 au 2 kinarudi nyuma.

Kombania nyingi za askari wa Wajerumani zilikuwa na bunduki za mwaka 1871, ambazo baruti yake hutoa moshi mzito. Kibao cha aina hiyo kikishapiga, kiwekee kipande cha sufi. Zamu inayofuata adui akilenga sufi aongeze 1 kwenye dadu.

Hatua ya 6: Barua

Mara ya kwanza tulicheza kila mtu akiona meza yote na kusema apendavyo. Waingereza wanne walipanga kila hatua kwa sauti, wakafunga ubavu wa kusini kabla treni haijafika, wakachukua mji kabla ya zamu ya tano. Hakuna aliyefurahi, hata washindi. Jeshi la kweli halikuwa na jicho la darini linaloona shamba zima.

Kwa hiyo jenerali wa Waingereza anakaa barazani. Ana ramani na penseli, haoni meza. Akitaka jambo, anaandika maneno yasiyozidi 12 na kumpa mwamuzi. Barua inafika zamu inayofuata. Mwamuzi anarusha dadu, na ikija 1 barua imepotea, wala mwandishi haambiwi. Makamanda nao wanamjibu hivyo hivyo. Kati yao hawasemeshani, isipokuwa vibao vyao vikigusana.

Mkuu wa Wajerumani anaruhusiwa kuzunguka meza dakika tatu kabla ya zamu ya kwanza. Si upendeleo: Lettow aliingia mjini kwa baiskeli usiku ule akakagua mwenyewe. Baada ya hapo naye anakaa nyuma ya mji na kuona kile tu ambacho vibao vyake vinaona.

Mwamuzi wa namna hii, anayejua yote na kumpa kila mtu sehemu yake, ni desturi ya zamani. Maafisa wa Prusia, dola la Kijerumani la zamani, walijifunza vita hivyo tangu 1824. Naisisitiza hatua hii kuliko nyingine zote. Ukikosa rangi, sponji au hata vijisanamu, cheza kwa vifuniko vya soda. Ukikosa barua, usicheze.

Hatua ya 7: Nyuki

Siku ile nyuki waliwashambulia askari, na Waingereza walidhani wametegewa. Ukweli ni kwamba risasi zilivuruga mizinga iliyokuwa mitini, na nyuki hawakuchagua upande: hata bombomu la Wajerumani lilinyamazishwa. Kiswahili kimeipa nyumba ya nyuki na silaha kubwa ya vita jina moja, mzinga, na siku ile vyote viwili vilipiga. Kila kibao kinapopiga ndani ya shamba na dadu ikaja 1, mwamuzi arushe tena. Ikija 1 mara ya pili, vibao vyote vilivyo ndani ya sentimita 15, vya pande zote, virudi sentimita 10, na visipige zamu inayofuata.

Hatua ya 8: Muda

Zamu nane, kila moja ni nusu saa ya vita, kuanzia saa nane mchana mpaka giza la saa kumi na mbili. Mezani kila zamu ipewe dakika 20 kwa saa ya simu. Asiyemaliza kusogeza, vibao vyake vimesita. Pande zote zinasogea pamoja, vinginevyo watu watano watakuwa wanamtazama mmoja akipima.

Giza likiingia, kabla ya kuondoa hata kibao kimoja, jenerali arudi kutoka barazani. Mwamuzi azisome barua zote kwa sauti, zamu kwa zamu, pamoja na zilizopotea.