Somo: Bainokula ya nguvu kubwa au spoting skopu kwa kuwinda kulungu, uanze na ipi?

Wakuu habari zenu. Kila msimu ukikaribia hili swali linarudi, mtu ana hela ya kifaa kimoja tu, anauliza achukue bainokula kubwa zile za mara 15 au 18 au achukue spoting skopu, ile darubini ya jicho moja yenye zumu kubwa inayokaa juu ya tripodi (stendi ya miguu mitatu), na jibu analopewa na wengi ni "chukua yenye zumu kubwa". Mimi sikubaliani na hilo jibu hata kidogo ndo maana nimekaa niandike hili somo taratibu. Kulungu ninaowasema hapa ni wale wa pembe zenye matawi, zinazodondoka na kuota upya kila mwaka.

Msimamo wangu nautoa mapema. Bainokula ni ya kumtafuta mnyama, skopu ni ya kumkagua mnyama ambaye ushamuona tayari. Hizo ni kazi mbili tofauti, na kifaa kimoja kikilazimishwa kufanya zote mbili kuna moja kitaifanya vibaya.

Hatua ya 1: Angalia eneo lako kwanza, kifaa baadaye

Kama unawinda msitu mzito ambako mwisho wa kuona ni mita 100 au 150, kwako somo ni fupi, chukua bainokula ya 8x42 au 10x42, yaani ya mara 8 au 10, uishie hapo. Mara 15 msituni ni mzigo mtupu, ukiinua unajaziwa majani na matawi hujui hata umeelekeza wapi, na kitu cha karibu nyingi hazikifokasi.

Ngoma ipo kwenye maeneo ya wazi, miteremko, mabonde yanayotazamana, mashamba yaliyokwisha vunwa, ambako kulungu unaweza kumuona mita 600 au 800 au hata zaidi ya kilomita. Hapo jiulize swali moja zito: nikishamuona natakiwa kujua nini? Kama leseni yako inaruhusu dume yeyote, kuona kwamba ana pembe inatosha. Lakini kuna maeneo kanuni inataka dume awe na idadi fulani ya ncha upande mmoja wa pembe, na hapo hakuna kubahatisha, lazima uzihesabu, na kuhesabu ncha kutoka mbali hivyo ni kazi ya skopu.

Hatua ya 2: Elewa namba, zisikutishe

Ukiona 15x56, 15 ni mara inazovuta na 56 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Kulungu aliye mita 600, kwa mara 10 unamuona kana kwamba yuko mita 60, kwa mara 15 mita 40, kwa mara 60 mita 10. Ukiishia kwenye hesabu hiyo utaona skopu imeshinda kila kitu, sasa fanya hesabu ya pili ambayo watu wanairuka: gawa kipenyo cha lenzi kwa mara inazovuta, unapata upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni. 10x42 inatoa milimita 4.2. 15x56 inatoa kama 3.7. Skopu ya 20-60x80 ukiwa kwenye 20 inatoa 4, ukiivuta mpaka 60 inabaki 1.3 tu.

Kwa nini hili ni muhimu? Kwa sababu kulungu anatembea zaidi alfajiri na jioni jua likizama, muda ambao mboni ya jicho lako imefunguka sana, kwa kijana inaweza kufika milimita 7 na kadiri umri unavyokwenda inapungua. Jicho linataka mwanga mwingi, wewe unaliletea uzi wa milimita moja na kidogo. Picha inakuwa giza, pembe zinachanganyikana na vichaka nyuma yake, na ile zumu kubwa uliyoitolea hela haikusaidii saa ileile unayoihitaji.

Kingine ni upana wa eneo unaloliona kwa mkupuo. Kwa umbali wa mita 1000, 10x42 nyingi zinakuonyesha eneo la kama mita 110, 15x56 kama mita 75, skopu kwenye 20 kama mita 35 hadi 40, na kwenye 60 unabaki na mita 20 au pungufu. Kuupekua mlima mzima kwa dirisha la mita 20, kulungu atakula, atashiba, atalala, wewe hujamaliza hata robo.

Hatua ya 3: Macho mawili siyo anasa

Kumtafuta kulungu ni kazi ya masaa. Ukiwa kwenye skopu umefumba jicho moja, baada ya muda uso unakaza, jicho linatoa machozi, unaanza kupumzika mara kwa mara na kule kupumzika ndo mnyama anapita. Kwenye bainokula macho yote yanafanya kazi, unakaa umetulia, na ukitulia unaanza kuona vitu vidogo.

Na kwenye kulungu vitu vidogo ndo kila kitu. Mchana dume mkubwa hasimami uwanjani akusubiri, amelala chini ya kichaka kwenye kivuli, mwili wote rangi moja na udongo, unaweza kupita juu yake mara tatu usimuone. Halafu inzi anamsumbua, sikio linacheza mara moja. Ukiwa na bainokula iliyotulia utalinasa lile sikio pembeni kabisa ya picha, unarudi pale unasubiri, linacheza tena, taratibu unaanza kuona mstari wa shingo, kisha kipande cha pembe ulichodhani ni tawi kavu. Kwenye skopu sikio lile lingecheza nje ya dirisha lako na usingejua kama kulikuwa na mnyama.

Hatua ya 4: Tripodi. Hapa naomba tuelewane vizuri

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo yenye faida kuliko zote. Bainokula ya mara 15 inakuza mnyama mara 15 na inakuza mtetemeko wa mkono wako mara 15 pia, hata mapigo ya moyo utayaona. Mara 10 ndo mwisho wa wengi wetu kushika kwa mkono, mara 12 kwa shida ukiegemea kitu, kuanzia 15 bila tripodi usijidanganye. Nasema bila kusita, 10x42 ya kawaida iliyokaa juu ya tripodi itakupatia wanyama wengi kuliko 15x56 ya ghali iliyoshikwa mkononi.

Bainokula nyingi zina kifuniko kidogo pale mbele katikati kwenye bawaba, ukikifungua unakuta tundu la skrubu, hapo unafunga adapta halafu unaweka kwenye tripodi. Chagua tripodi ambayo kichwa chake kinazunguka laini bila kukwama kwama, kwa sababu kichwa kigumu kinakurusha picha kila ukisogeza. Kaa chini, punguza urefu wa miguu, ile nguzo ya katikati usiinyanyue, upepo ukiwa mkali ning'iniza begi chini yake.

Kwa hiyo kama una 10x42 tayari na unajiuliza uongeze nini, nunua tripodi kwanza, uende nayo porini, ndo utajua kwa macho yako unakosa nini.

Hatua ya 5: Namna ya kupekua

Anza kwa macho matupu, angalia walio wazi. Kisha bainokula, maeneo mepesi kwanza, kingo za vichaka, njia za wanyama, penye maji. Baada ya hapo weka tripodi uanze kusoma mlima, toka kushoto kwenda kulia, picha inayofuata ipandane kidogo na iliyopita, ukifika mwisho shuka chini kidogo urudi. Usisogeze kifaa wakati unaangalia, simamisha, zungusha macho ndani ya picha yote, ndo usogeze. Na usitafute kulungu mzima! Tafuta mstari wa mlalo wa mgongo penye miti ya wima, sikio, pua nyeusi inayong'aa, weupe wa makalioni.

Ukimpata na unataka kumjua zaidi, hapo ndo skopu inaingia. Ianzie kwenye zumu ya chini kabisa, mpate katikati, fokasi, ndo uvute. Ukianza na 60 utahangaika kumtafuta mpaka aondoke.

Hatua ya 6: Mazigazi

Jua likishapanda ardhi inatoa joto na hewa inacheza, unaona picha inayumba kama maji. Hiyo haitibiki na kifaa cha bei yoyote, na kadiri unavyovuta ndo inazidi. Mchana wa jua kali usishangae ukirudi kwenye mara 25 au 30 na picha ikawa bora kuliko 60. Kazi ya kuhesabu ncha fanya mapema asubuhi.

Hatua ya 7: Uamuzi

10x42 ina kama gramu 700 na inakaa kifuani siku nzima. 15x56 inakaribia au kupita kilo 1.1. Skopu ya lenzi 65 ni kilo moja na ushee, ya 80 inaweza kufika kilo 2, na zote zinadai tripodi. Kama hauna kitu kabisa anza na 10x42 nzuri, ongeza tripodi. Kifaa cha tatu ndo uchague: kama tatizo lako ni kwamba huwaoni wanyama, chukua 15x56. Kama unawaona vizuri ila huwezi kujua ni dume gani au kanuni inakubana kwenye ncha, chukua skopu. Mimi ningelazimishwa kuchagua moja kati ya hizo mbili bila kujua unawinda wapi ningekupa 15, kwa sababu kulungu usiyemuona huwezi kumkagua.

Maswali ya wanachama

Swali: Shukrani mkuu kwa somo. Mimi navaa miwani, kila bainokula naona duara jeusi pembeni, nifanyeje?

Jibu: Vile vikombe vya mpira vya jichoni vizungushe vishuke mpaka chini. Ikibaki vilevile basi hiyo bainokula haina nafasi ya kutosha kati ya kioo na jicho, angalia kwenye maelezo yake iwe milimita 15 na kuendelea, ukipata 17 ni raha zaidi.

Swali: Kaka kwani darubini ya bunduki si ina zumu mpaka 20, kwa nini nisiitumie hiyohiyo kuangalia nikaokoa hela?

Jibu: Hapana ndugu yangu, hapa sina utani kabisa. Ukiangalia kitu kwa darubini ya bunduki maana yake umekielekezea mtutu, na hujui bado ni nini, anaweza kuwa mwindaji mwenzio amekaa kichakani. Kwanza jua unachokiangalia kwa bainokula, bunduki inainuliwa ukishajua na ukishaamua. Hakuna hela unayookoa hapo.

Swali: Skopu iliyopinda na iliyonyooka ipi nzuri?

Jibu: Iliyopinda shingo haichoki, tripodi inakaa chini zaidi, na ukiangalia mlima ulio juu yako ni rahisi. Iliyonyooka ni rahisi kumlenga mnyama haraka, na kubadilishana na bainokula kwenye tripodi ileile hauhami mkao. Mimi nakaa muda mrefu sehemu moja kwa hiyo napenda iliyopinda, anayewinda kwa kutembea tembea au ndani ya gari nyooka inamfaa.

Swali: Vipi kuhusu bainokula zenye zumu, nimeona moja imeandikwa 10-30, si inamaliza ubishi wote huu?

Jibu: Kaa nayo mbali mkuu. Ndani kuna mirija miwili na zumu lazima ziende sawasawa pande zote, zikipishana kidogo tu macho yanavutana na kichwa kinauma, na ukiwa juu kule picha ni nyembamba na giza. Mara 10 ya kioo kizuri inakuonyesha zaidi kuliko mara 30 ya kioo kibovu, tena kwa mbali.

Swali: Lenzi ya 65 au 80 kwenye skopu?

Jibu: Unapanda mlima kwa miguu, 65. Unakaa karibu na gari, 80. Tofauti utaiona dakika za mwisho za mwanga na ukivuta zaidi ya 40, nje ya hapo utaona uzito tu.

Swali: Naweza kupiga picha kwa simu kupitia hiyo skopu?

Jibu: Ndiyo, kuna adapta zinashika simu kwenye lenzi ya jicho. Weka zumu ya chini na utumie taima ya simu ili kidole kisitikise. Video ni nzuri zaidi maana unaisimamisha pale kulungu alipogeuza kichwa, unahesabu ncha kwa utulivu.

Swali: Habari kaka, mimi na mume wangu tunawinda pamoja, kuna haja kila mtu awe na vyote?

Jibu: Salama dada. Hapana, nyie mna bahati. Kila mmoja awe na 10x42 yake kifuani, halafu mmoja abebe 15 na tripodi, mwingine skopu na tripodi yake. Wa 15 anatafuta, akipata wa skopu anakagua. Mkubaliane mapema namna ya kuelekezana, maana "yule pale chini ya mti" mlimani haina maana yoyote. Anza na kitu kikubwa ambacho wote mnakiona kwa macho matupu, tuseme jiwe jeupe, toka hapo sema kushoto au kulia kwa upana wa picha ya bainokula, "picha mbili kulia, nusu picha chini", mwenzio anafika bila kubishana. Na aliyemuona asiondoe jicho mpaka mwenzake aseme nimempata.