Mtoto hataki kusoma? Anzia kwenye kanga za bibi yake

Binti yangu alipokuwa darasa la pili, kila akiona kitabu anashikwa na usingizi. Na mimi nilikosea, nasema wazi ili mwingine asirudie, nilikuwa namkalisha mezani baada ya kula na fimbo iko pembeni, soma, rudia, hapana sio hivyo, rudia tena, mpaka machozi yanamtoka. Kusoma alijua jamani, ba be bi bo bu zote alishamaliza, ila alikuwa anasoma kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kutoka kisimani, anachotaka ni kufika tu aitue.

Kilichombadilisha ni kamba ya nguo. Nimeanika kanga za bibi yake pale uani, hapa kwetu Mikindani, yeye anapita chini yake, mara nasikia m-ge-ni njo-o mwe-nye-ji a-po-ne. Akasimama. Akauliza, mama, kwani mwenyeji anaumwa nini? Bibi yake alikuwa kwenye mkeka anabangua korosho, alicheka mpaka akaweka kazi chini, akamwita akamweleza, mgeni akija nyumbani hata sisi tuliokuwa tunakula mboga za majani tunachinja kuku. Mtoto akarudi kambani akasoma ya pili, ya tatu, akaingia ndani akafungua sanduku la bibi kutafuta nyingine, na hakuna aliyemtuma.

Pale ndio nikaelewa kitu. Kiswahili chetu kinasomeka kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto akishashika silabi anaweza kukusomea ukurasa mzima bila kosa na asijue umesema nini, na wewe mzazi unafurahi kumbe ametoa sauti tu. Utamu wa kusoma haupo kwenye sauti, upo pale anapouliza anaumwa nini. Kwa hiyo kila ninachokueleza hapa chini kinatafuta swali hilo tu.

Anza na maandishi ambayo tayari yapo nyumbani. Kanga, ndio, lakini pia mabango ya dukani, maneno ya nyuma ya bajaji, pakiti ya chumvi, meseji ya shangazi kwenye simu. Msimu wa korosho ukifika, ile Oktoba mpaka Desemba, kila nyumba huku kusini ina stakabadhi, basi mpe mtoto amsomee baba. Wangu alisoma jina la chama cha ushirika, daraja la korosho, halafu kilo, na baba yake ametega sikio kwelikweli maana ni hela yake ile, alipomaliza akamwambia sawasawa ndizo zilizopimwa. Mtoto alitembea kifua mbele siku nzima kwa sababu kusoma kwake kumetumika.

Pili, lugha ya nyumbani usiifukuze. Wengi wetu watoto wanaongea Kimakonde au Kimwera au Kiyao na bibi zao, Kiswahili kinakuja kukolea shuleni. Akikwama kwenye neno mweleze kwa lugha anayoota nayo, halafu mrudi kwenye Kiswahili. Na akisoma "kolosho" badala ya korosho muache amalize sentensi yake, bibi yake ndivyo anavyosema na maana ameipata, ukimkatiza kila neno hadithi inakufa mikononi mwake.

Kitu kilichofanya kazi kuliko vyote kwetu ni kitabu tulichotengeneza wenyewe. Unachukua daftari la kawaida, unamuomba bibi au babu atoe hadithi moja, ile ya Sungura na Fisi wanayoijua wote inatosha, wewe unaandika kwa Kiswahili herufi kubwa, kila ukurasa sentensi mbili au tatu basi, nusu ya juu unaiacha wazi mtoto achore. Ukimaliza shona mgongo kwa uzi na sindano ili usichanike, mbele andika jina la hadithi na jina la bibi na jina la mchoraji. Chetu kilikuwa na kurasa kumi na moja na Fisi amechorwa na miguu mitano, sikumsahihisha. Amekisoma mara nyingi mpaka kona zimekuwa laini kama kitambaa, na mzazi usichoke mtoto akirudia kitabu hicho hicho, kila akirudia anasoma kwa kasi zaidi na anaanza kuigiza sauti, hayo ni maendeleo.

Mtoto mkubwa, hasa wa kiume, anaweza kukuambia hadithi za Sungura ni za wadogo. Sawa, mtafute kwa anachokipenda. Kaka mtu kwetu ni mpira, basi nilikuwa namletea kurasa za michezo za magazeti ya juzi, habari za Namungo ya Ruangwa anazisoma mpaka kwenye msimamo wa ligi. Halafu nikamwambia kuhusu mjusi wa Tendaguru, kwamba hapo Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dainosaria, watu wetu wakaibeba kwa miguu mpaka bandarini Lindi, na mmoja amesimamishwa leo kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu zaidi ya mita 13. Alinitazama kama namdanganya. Nikamuandikia ukurasa mmoja, akausoma mara mbili, akauliza sasa kwa nini yupo kule, na tukabishana mpaka usiku.

Muda: dakika kumi mpaka kumi na tano zinatosha, sisi ni baada ya isha, simu zote ikiwemo yangu zinakaa mbali. Kaa naye ubavuni sio mbele yake kama msimamizi wa mtihani. Soma wewe ukurasa, asome yeye ukurasa. Kujua kama kitabu kinamfaa, mwambie akunje kidole kwa kila neno asilolijua, vidole vitano vikiisha kabla ukurasa haujaisha basi kitabu hicho msomee wewe, yeye mtafutie chepesi. Akikichoka katikati muache akiweke, na sisi wakubwa tunaacha. Mzazi ambaye hakusoma asijitoe, kazi yake ni kusikiliza na kuuliza halafu ikawaje, hiyo mtoto anaipenda mno.

Vitabu ni ghali najua. Mtwara mjini kuna maktaba ya mkoa, wapeleke likizo. Kwenye intaneti kuna African Storybook, hadithi za watoto za bure, za Kiswahili zipo nyingi, unapakua unaprinti stesheneri au unamsomea kwenye simu. Mkivipata msivifungie kabatini visichafuke, weka kwenye kapu chini anapofikia.

Na kama umefanya haya yote na bado mtoto anasogeza kitabu puani, anakunja uso, anaruka mistari au anasema kichwa kinauma, mpeleke akapimwe macho kwanza kabla hujasema ni mvivu. Mtoto wa jirani yangu alipigwa mwaka mzima, kumbe ubaoni alikuwa anaona ukungu.