Mkate wa Ufuta Kwenye Jiko la Ughaibuni

Ramadhani ikikaribia, simu za Ngamiani hapa Tanga hazitulii. Mtoto yuko Leicester, Uingereza, anamuuliza mama kipimo cha mkate wa kumimina maana watu wameanza kumwagizia. Kipimo mama anacho. Ya halmashauri ya huko hayajui.

Kwanza viza. Mwenye viza ya mwanafunzi Uingereza haruhusiwi kujiajiri, hata kwa visheti vya majirani, na asikudanganye mtu kwamba "ni WhatsApp tu". Ukiwa na ruhusa, jisajili na halmashauri yako angalau siku 28 kabla ya kuanza kuuza. Ni bure, na hawakatai. Kama umepanga, mwenye nyumba naye aulizwe. Baadaye mkaguzi atabisha hodi aangalie karo, friji na daftari lako la usafi wa chakula. England alama za usafi anazotoa ni 0 hadi 5.

Mtego wenyewe uko kwenye ufuta. Sheria ya Uingereza inataja vitu 14 vya mzio, na ufuta, ngano, maziwa, mayai, karanga na korosho vyote vimo. Nazi haimo, ila iandike vilevile. Tangu Oktoba 2021, mkate ulioufunga kabla mteja hajauchagua, tuseme kwenye meza ya mnada wa msikitini, lazima uwe na lebo yenye jina lake na viungo vyote, vya mzio vikikolezwa wino. Kwa oda ya simu, mweleze mteja mizio kabla hajalipa, na tena mzigo unapomfikia. Andika kwa Kiingereza, bibi wee. "Iliki" haimsaidii mteja wa huko.

Na ufuta hautulii. Ukigeuza mkate punje zinaruka, zinaganda kwenye mwiko, kwenye kitambaa, mpaka kwenye sinia la pembeni. Pika visivyo na ufuta kwanza, na hata hivyo usithubutu kuandika "hakuna ufuta".

Mauzo yakipita pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, HMRC, yaani watu wa kodi wa Uingereza, waambiwe. Ni mauzo, kabla hujatoa pesa ya unga na siagi.

Walioko Marekani, kila jimbo na sheria yake. Mengi yanaruhusu vitu vikavu visivyohitaji friji, kwa hiyo bisketi hupita, sambusa ya nyama kwa kawaida haipiti. Ufuta huko nao umeingizwa kwenye orodha ya mizio tangu Januari 2023.